Kitufe Nilichokiziba

Siku yangu ya kwanza kazini nilikalia ndoo iliyopinduliwa. Karakana ilikuwa na viti viwili, kimoja cha Fundi Mkuu na kingine cha mteja, na mimi sikuwa yeyote kati ya hao. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Tunduma, kwenye chumba cha nyuma cha duka la redio na vifaa vya umeme, hatua chache kutoka barabara kuu inayovuka kwenda Zambia. Nilikuwa nimetoka Igamba, kwenye kahawa ya wazazi wangu, nikiwa na cheti cha ufundi redio na barua ya mchungaji. Mwenye duka, ambaye sote tulimwita Alhaji, aliisoma ile barua akiwa amesimama, akaikunja, akaniuliza kama naweza kuvumilia kelele za malori. Nikasema naweza. Akanipeleka nyuma.

Fundi Mkuu alikuwa askari mstaafu wa kitengo cha mawasiliano, mwenyeji wa Songea, mtu wa maneno machache na mikono isiyotetemeka. Hakuwahi kufanya kazi na fundi mwanamke. Alinitazama, akasukuma redio ya kaseti mbele yangu.

"Haisemi," alisema. "Nataka iseme kabla ya chai."

Nikaifungua. Waya wa spika ulikuwa umeachia. Nikauchomelea, redio ikasema. Fundi Mkuu hakunisifu, alinisogezea nyingine. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Biashara nchini ilikuwa imefunguliwa miaka michache nyuma, na vitu ambavyo wazazi wetu walivisikia tu vilianza kushushwa kwenye malori: redio kubwa, pasi, feni, halafu televisheni. Bara hatukuwa bado na kituo chetu, lakini Tunduma tulinasa picha za ng'ambo kwa antena za alumini zilizofungwa juu ya milingoti ya mikaratusi. Kila TV ilikuja na rimoti yake, na haukupita muda mrefu rimoti hiyo ikaletwa kwetu.

Kwa vijana ambao hamjaifungua, rimoti ni kifaa chepesi. Ndani kuna bodi, yaani kibao chembamba chenye njia za shaba. Juu ya bodi umelala mpira wenye vitufe, na chini ya kila kitufe kuna doa jeusi la kaboni linalopitisha umeme likigusa shaba. Mbele kuna taa ndogo inayotoa mwanga usioonekana kwa macho. Magonjwa yake ni machache: springi za betri zenye kutu, kaboni iliyolika, bodi iliyomwagikiwa chai ya maziwa. Kutu tuliikwangua kwa wembe. Kaboni iliyolika tuliibandikia kipande cha karatasi ya fedha kutoka kwenye pakiti ya sigara. Kujua kama taa inawaka, tuliisogeza rimoti karibu na redio iliyofunguliwa kwenye mawimbi ya kati. Ukibonyeza, redio inakoroma. Ninyi mnatumia kamera ya simu, na ni sawa.

Fundi Mkuu alikuwa na kanuni moja aliyonipa wiki ya kwanza.

"Kifaa kikiugua, pima kifaa. Mwenye kifaa mwulize jina, liandike kwenye karatasi, basi. Watu wanadanganya. Bodi haidanganyi."

Niliifuata kanuni hiyo miaka kadhaa, na ilinifaa mpaka siku aliyokuja Bi Mwajuma.

Bi Mwajuma alikuwa muuza vitenge sokoni. Wakati huo stesheni za Dar zilikuwa zimeanza kutufikia kwa madishi makubwa. Aliingia mchana, akafungua fundo la khanga, akamwaga mezani rimoti iliyopasuka vipande vitatu.

"Hii ni ya tatu tangu mfungo uishe," alisema.

"Mnaiangusha?" Fundi Mkuu aliuliza.

"Haianguki, fundi. Inarushwa."

Akatueleza. Mumewe, Mzee Idrisa, alikuwa mtu wa Tabora, dereva wa malori aliyefika Ndola na Lubumbashi mara nyingi kuliko alivyofika kwao. Kiharusi kilimchukua mkono na mguu wa kulia, kisha kikamchukua na maneno. Kilimwachia neno moja tu, "twende". Akitaka maji, twende. Akikataa uji, twende. Asubuhi mkewe alipokwenda sokoni alimwachia TV ikiwa wazi na rimoti mkononi. Akirudi saa kumi anakuta kioo ni cha buluu, hakuna picha wala sauti, rimoti imepigwa ukutani na mzee analia.

"Mtu aliyekuwa anabadilisha tairi la trela peke yake porini," alisema Bi Mwajuma, "leo analia kwa sababu ya batani. Kama haiwezekani, nitaiuza hiyo TV."

Fundi Mkuu alikuwa ameshafungua kabati atoe rimoti nyingine. Nikasema, "Mama, naomba nije nyumbani nione anavyoishika."

"Ukaone nini?" Fundi Mkuu alisema. "Iliyovunjika si hii hapa?"

Alhaji alikuwa anasikia kutoka kaunta. "Mwache aende," alisema. "Rimoti tatu, nyumba moja. Hapo pana jambo."

Nilikaa kwa Mzee Idrisa nusu saa nikadhani nimeona kila kitu. Alitumia mkono wa kushoto. Rimoti iliteleza pajani kwa sababu ya kikoi. Kidole gumba chake kilikuwa kipana, chenye sugu, na kila alipotaka kubadili chaneli kilibonyeza pia kitufe cha jirani, kile kinachoiambia TV iache antena na kusubiri picha kutoka kwenye deki ya video. Deki hawakuwa nayo, ndiyo maana kioo kikawa buluu. Kurudi kulihitaji kubonyeza kitufe hichohicho mara mbili, na hilo hakuna aliyemwambia. Hata kama angelijua, asingeweza kumwelekeza mtu mwingine amsaidie.

Nikarudi karakana nikafungua rimoti mpya. Vitufe vilikuwa zaidi ya thelathini. Kwa wembe nikakata mpira, nikabakiza vitano: cha kuwasha na kuzima, viwili vya chaneli, viwili vya sauti. Matundu yaliyobaki nikayaziba kwa gundi ngumu. Chini nikabandika soli ya kandambili ili isiteleze. Niliipeleka mwenyewe, nikamwekea Mzee Idrisa mkononi, akabadili chaneli mara ya kwanza bila kukosea. Bi Mwajuma alinifungia kipande cha kitenge. Nilitembea kurudi kazini nikijiona bingwa.

Wiki haikuisha, akarudi.

"Imerushwa," alisema. "Safari hii haikuvunjika, kandambili imeikinga. Halafu umeme ulikatika, ulivyorudi TV imesahau chaneli zote. Jirani amekuja kuzitafuta, hakuna pa kubonyeza."

Fundi Mkuu aliichukua ile rimoti, akaigeuza huku na huku, akanirudishia.

"Umemkata ulimi," alisema. "Fundi hakati asichoweza kukirudisha. Mali ya mteja si daftari lako la mazoezi."

"Nilitaka kumrahisishia."

"Umemrahisishia nani? Kuanzia leo rimoti huzigusi. Redio tu."

Alikuwa na haki, na ndiyo maana iliuma. Alhaji safari hii hakunitetea. Alimtuma mtu na rimoti nzima akatafute zile chaneli na kumrudishia mzee ile ya vitufe vitano, halafu akasema tu kwamba mji ni mdogo, na kwamba mteja mmoja aliyeudhika anasikika hadi Nakonde, upande wa Zambia. Nilijua akija kulalamika mwingine, nitarudi Igamba kuchuma kahawa.

Jumapili baada ya ibada sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Bi Mwajuma, nikabisha hodi, nikamwambia kwamba nimekosea na ninaomba kukaa na mzee mchana kutwa, bila kugusa kitu.

"Mimi naenda kwenye hitima," alisema. "Kaa. Uji wake uko kwenye chupa."

Nikakaa mkekani. Mzee Idrisa alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, ile rimoti yangu ya vitufe vitano ikiwa pajani. TV ilikuwa inaonyesha mpira. Mwanzoni alinikazia macho, kisha akanizoea.

Ilipita kama saa moja. Halafu nikamwona anahangaika. Kidole chake kilikwenda juu ya rimoti, upande wa kulia, mahali palipozibwa kwa gundi. Akabonyeza gundi. Akabonyeza tena kwa nguvu. Akaanza kushusha sauti, alama moja moja, na kila alama uso wake ulizidi kukunjamana. Sauti ilipokaribia kwisha alikuwa ameshakata tamaa, akainua mkono kurusha, akanikumbuka, akaushusha.

Sikuelewa. Mpira ulikuwa unaendelea vizuri. Baada ya muda akafanya vilevile, na safari hii sikuangalia mkono wake, niliangalia macho. Hakuwa anatazama TV hata kidogo. Alikuwa amegeuza shingo dirishani. Nje, barabarani, lori lilikuwa linapanda kuelekea mpakani na mngurumo wake ulikuwa unafifia.

Pale juu kulia, nilipoziba kwa gundi, palikuwa na kitufe cha kunyamazisha. Niliona ni cha anasa. Nani ananunua TV ili ainyamazishe?

"Mzee," nilisema, "unataka kusikia malori?"

Alinigeukia. Mdomo wake ulicheza kidogo kabla neno halijatoka. "Twende," alisema polepole. Machozi yakamtoka, ila hayakuwa yale ya kioo cha buluu.

Nilikuwa na rimoti nzima ya dukani ndani ya mkoba. Lori lingine liliposikika nikabonyeza, nyumba ikawa kimya. Mzee Idrisa akafumba macho. Mkono wake wa kushoto ukaanza kwenda hewani, mbele, nyuma, mbele, akibadili gia pamoja na dereva asiyemjua. Mara akasita, akatikisa kichwa kwa dharau. Yule dereva alikuwa amechelewa kushusha gia, hata mimi nililisikia lori likilalamika. Nikacheka. Naye akacheka, cheko la upande mmoja, mpaka akakohoa.

Jumatatu niliwahi kazini kabla ya Fundi Mkuu. Nilichukua mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nikakata kipande cha urefu wa rimoti, nikaivisha ile rimoti nzima kama soksi, taa ya mbele ikabaki wazi. Juu ya mpira nikatoboa madirisha sita tu, la kunyamazisha nikalifanya kubwa kuliko yote. Mpira wenyewe hautelezi. Vitufe vingine vyote vilikuwepo chini yake, vikiwa salama. Ukitaka kutafuta chaneli unavua, ukimaliza unavisha.

Fundi Mkuu aliingia akanikuta nayo. Nilidhani atanifukuza palepale. Aliichukua, akaivua, akaivisha, akaivua tena. Akabonyeza mbele ya redio, redio ikakoroma.

"Nani alikuambia utumie tyubu?"

"Hakuna, fundi. Wewe ulisema nisikate nisichoweza kukirudisha."

Akaiweka mezani. "Mpelekee," alisema. "Ukirudi, hizo rimoti kwenye boksi zinakusubiri."

Mzee Idrisa hakurusha tena. Madereva wa zamani waliosikia habari walianza kupita kwake wakisubiri kuvuka mpaka. Walinyamazisha TV, wakakisia lori kwa mlio, na yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi kwa kuinua kidole gumba. Aliishi hivyo miaka mingine kadhaa. Alipofariki, Bi Mwajuma alikuja karakana eda ilipokwisha, bado amevaa nguo zake nyeupe, akaomba nimtobolee mpira wake mwenyewe, kwa sababu madirisha ya mumewe hayakumfaa.

Alhaji, kama mfanyabiashara yeyote, aliona bidhaa. Akaniagiza nitengeneze mipira mingi, yote ya madirisha sita, tuitundike dukani.

"Alhaji, kila mtu ana sita zake," nilimwambia.

"Mwanangu, duka haliuzi maswali. Linauza vitu."

Nikatengeneza. Ikatundikwa, ikaning'inia bila mnunuzi. Mwalimu mstaafu alisema anataka namba, hapendi kupanda chaneli moja moja kama ngazi. Mama mwenye nyumba ya wageni upande wa Nakonde aliingia na salamu yake ya Kibemba, "mwapoleni mukwai", akasema yeye anataka madirisha mawili tu, ya chaneli, wageni wasimchezee mipangilio. Mzee mmoja asiyesikia vizuri alitaka kitufe cha kuongeza sauti pekee, cha kupunguza akasema kizibwe kabisa. Mkewe aliyesimama nyuma yake akanikonyeza nikiache. Mwishowe Alhaji mwenyewe aliishusha ile mipira. Alileta kiti, akakiweka mbele ya TV ya dukani.

"Waketi hapa," alisema, "watumie, wewe uangalie. Halafu ukate."

Baadaye nilihamishiwa Isongole kuwa msimamizi wa tawi. Huko watu wengi walitumia betri za gari na baadaye sola, na TV moja ilitazamwa na mtaa mzima. Kulikuwa na mkulima kipofu, Mzee Kibona, aliyependa taarifa ya habari na hakutaka kumwomba mtu amfungulie. Nikaweka tone la gundi juu ya kitufe cha kuwashia, likikauka liwe kama chunusi. Siku ya tatu akairudisha.

"Binti, umeniwekea alama mahali pabaya," alisema. "Nikiipapasa nijue ni chenyewe, tayari nimeshakibonyeza. TV inawaka na kuzima kama kimulimuli. Weka pembeni ya kitufe. Niguse kwanza, nijue, ndipo nibonyeze."

Nilikuwa fundi wa miaka mingi na sikuwa nimewaza hilo. Tangu siku hiyo alama zangu zote huwekwa pembeni.

Nilirudishwa Tunduma wakati wa ving'amuzi, matangazo yalipohamia mfumo wa dijitali. Kipindi hicho kiliwatesa watu wazima kuliko nilivyowahi kuona. Kila nyumba sasa ilikuwa na rimoti mbili, ya TV na ya king'amuzi, zote nyeusi, na ukikosea picha inapotea. Watu walibeba TV kichwani kutoka vijijini kuja kuambiwa kwamba ni nzima. Kwanza nilijaribu kuzifunga rimoti mbili mgongo kwa mgongo, ikawa upuuzi. Ukishika moja unabonyeza ya chini. Kilichofaa kilikuwa rahisi. Rimoti ya TV tuliivisha mpira mzima wenye dirisha moja la kuwasha na kuzima, tukaitia kwenye mfuko wa kitambaa unaoning'inia ubavuni mwa TV, isishikwe mchana kutwa. Iliyobaki mkononi ni moja.

Fundi Mkuu alistaafu katikati ya mambo hayo. Siku ya kumsindikiza stendi alinipa bisibisi zake ndogo, zile za jeshini.

"Bado nasema watu wanadanganya," alisema.

"Na mimi bado nasema mikono yao haidanganyi."

Akanung'unika, akapanda basi. Kwa mtu kama yeye, kunung'unika bila kubisha kulitosha.

Alhaji naye alizeeka, duka likashikwa na mwanawe, kijana mwema, likawa la simu. Nilibaki na meza yangu pembeni mpaka macho yalipoanza kukataa kazi ndogo, nikaomba kupumzika. Sasa niko Igamba, na kahawa. Wajukuu wa ndugu zangu huniuliza kama najuta kutumia maisha kwenye kitu kidogo namna ile. Huwajibu kwamba nimeingia nyumba nyingi, na mara nyingi mtu aliyepoteza mengi alikuwa amebakiwa na hicho kidogo. Sikuvumbua kitu cha kuandikwa. Nilijifunza kukaa mkekani na kufunga mdomo, na hata hilo nilijifunza kwa kumkosea mgonjwa kwanza.

Wiki yangu ya mwisho kazini alikuja mwanamke kutoka Mbangala. Alikuwa na safari zake mjini akapitia. Akatoa rimoti iliyofungwa kwenye kitambaa, akanipa kwa mikono miwili, akiona aibu.

"Samahani mama, nimeichafua," alisema.

Ilikuwa imevishwa nailoni nene, na juu ya nailoni alikuwa ameshonea shanga. Moja kubwa pembeni ya kitufe cha kuwashia. Mbili pembeni ya kuongeza sauti, moja pembeni ya kupunguza. Kwenye chaneli alikuwa ameshona fundo la uzi, lenye ncha inayoelekea juu.

"Nani amekufundisha?" nilimwuliza.

"Nani anifundishe? Mama yangu haoni vizuri, na mimi nashinda shamba. Tumejaribu jaribu naye mpaka akasema hapo hapo."

"Na tatizo ni nini?"

"Betri haishiki."

Mkono wangu ulikuwa umeshafungua droo yenye mkasi na mipira ya tyubu. Nikaifunga droo. Nikafungua mlango wa betri, nikakwangua kutu, nikainua springi kidogo, nikaweka betri. Yule mwanamke aliielekeza rimoti kwenye TV ya dukani, akafumba macho kama mama yake, akapapasa ushanga mkubwa, akabonyeza. TV ikawaka.

"Iko sawa?" nilimwuliza.

"Iko sawa."

Nikamkabidhi na kitambaa chake. Sikuongeza kitu.